Ndizi Zilirudi, Isale Halikurudi

Wewe uliyepewa cheti leo, ukakaa kwenye benchi ukikigeuzageuza kana kwamba maneno yatabadilika, haya nimekuandikia wewe. Jina langu ni Tabitha. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo mambo ya mapafu na wadudu wake usiniulize mimi, waulize madaktari. Nitakuambia yale ambayo hayakuandikwa kwenye cheti: jinsi siku zinavyokwenda, jinsi mwili unavyomgeuka mwenyewe, na jinsi nilivyobeba jani moja ndani ya kitabu changu cha nyimbo mwaka mzima na zaidi, bila kujua nimebeba nini.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yangu ni mtu wa Singida, dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa huku chini ya Moshi. Mama yangu ni Mchaga wa Masama. Mimi nimezaliwa kambini, kwenye nyumba zile zilizopangwa mstari mmoja, ambako majirani zako ni Mnyakyusa, Mpare na Mkurya, na wote mnaamshwa na king'ora kimoja. Kichaga changu ni cha kuombea chumvi tu. Lakini mlima nilikuwa nao tangu utoto. Miwa ikichomwa, masizi yalikuwa yanapaa juu, halafu yanashuka taratibu juu ya nguo zilizoanikwa, nami nakaa mlangoni natazama: huku chini theluji nyeusi, kule juu theluji nyeupe. Mama anafoka, "Tabitha! Anua nguo!" Mimi sipo. Niko katikati ya theluji mbili, naelea.

Nilipomaliza shule Mama alinipeleka Masama kwa dada yake, ninayemwita Mama Mkubwa, ili nijifunze cherehani kwenye darasa la akina mama wa usharika. Mama Mkubwa ni mjane. Ni mrefu, wa sauti nene, na anatembea kama mtu aliyebeba mtungi kichwani hata akiwa hana kitu. Aliishi peke yake kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Alikuwa na binti mmoja, Aikande, aliyefariki mimi nikiwa mtoto mdogo. Kwa homa, ndivyo nilivyoambiwa. Nilipofika alinipa kitanda cha Aikande, godoro la Aikande, na gauni lake la Pasaka, jeupe, ambalo lilikuwa bado linanukia dawa ya nondo. Jioni alinifundisha kupika mtori na kunicheka nikimenya ndizi. "Watoto wa kambini! Unamenya kama unachonga penseli." Nilimpenda sana. Nasema hivyo mapema ili uelewe kilichoniuma.

Kikohozi kilianza wakati wa vuli. Kwanza kidogo, cha asubuhi. Halafu jasho la usiku, shuka inalowa kama imetolewa mferejini. Halafu khanga yangu ikaanza kunizunguka mara mbili. Mimi, kwa ujinga wangu, nilifurahia kuwa mwembamba; nilijiona kama wale mabinti wa kwenye kalenda za dukani. Siku moja niliona kikombe changu cha bati kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe. "Ni wa nini, Mama Mkubwa?" Akasema, "Ni ili kisipotee." Nikamwamini; sikujua ananitengea.

Kiangazi kilipokaribia kwisha akanipeleka hospitali, Moshi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa nane. Mzee mmoja alikuwa na jogoo ndani ya kikapu, na kila nesi akiita jina, jogoo anajibu. Watu wakacheka mpaka wanaokohoa wakakohoa zaidi. Mama Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha picha za kifua kama mtu anayeujua. Nilipotoka na cheti alikisoma akiwa amesimama. Kwenye basi la kurudi, viti vilikuwa tupu viwili viwili, lakini yeye akakaa mbele yangu.

Tulipofika, hakuniruhusu kuingia ndani. Nilisimama kwenye mibuni nikamwona anaburuta godoro hadi uani. Akalimwagia mafuta ya taa. Lilipowaka akaingia tena, akatoka na lile gauni jeupe, akalitupa juu yake. Nikalia, nikasema, "Mama Mkubwa, gauni la Aikande!" Akageuka. Uso wake siujui hata leo. Akasema, "Kwetu hakuna kifua. Hiki umekitoa kwa baba yako, huko kwenye miwa, kwa watu wasiojulikana walikotoka."

Kesho yake asubuhi akanipandisha basi la kwenda hospitali ya kifua, mimi na blanketi na cheti na kitabu cha nyimbo. Hakunipungia mkono.

*

Hospitali ile iko upande wa magharibi wa mlima. Wadi yetu ilikuwa na baraza ndefu iliyo wazi, vitanda vinatolewa nje mchana tupunge hewa. Kila mtu ana kikopo chake chenye mfuniko cha kutemea makohozi, na ukikisahau kitandani unarudishwa kama mtoto aliyesahau daftari. Dawa yangu ilikuwa sindano sitini, moja kila siku, pamoja na vidonge vikubwa vya kumeza kwa muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo kalenda yangu ikawa makalio yangu. Sindano ya kulia, sindano ya kushoto. Ukiniuliza mvua ilianza lini, nitakuambia ilianza kwenye sindano ya ishirini na sita, ya kushoto.

Nataka nikuambie mambo ya mwili wako usije ukaogopa. Nywele zangu zilipungua. Mifupa ya mabega ilitokeza nikaona haya kujitazama bafuni. Kuanzia sindano ya thelathini hivi masikio yakaanza kulia, nii, nii, mchana kutwa, na nikisimama sakafu inainama kama mtumbwi. Daktari akasema ni dawa, akapunguza kidogo, kizunguzungu kikaisha, lakini mlio ukabaki. Upo hata sasa ninapoandika. Mwanzoni nilichukia. Halafu, kwa vile mimi ni mtu wa kuota, nikauzoea: nikawa nalala barazani nimefumba macho, najiambia ile ni kengele ya kanisa lililoko chini ya maji, na mlima umeng'oka kwenye ukungu unaelea bila mguu, unakwenda ibadani. Mara nyingine nami nilikwenda nao. Nilipita juu ya miwa, juu ya king'ora, juu ya Baba na trekta lake, mdogo kama kibiriti.

Kitanda cha pili alilala Mama Wegesa, Mkurya, mume wake naye alifanya kazi kwenye miwa. Mwanamke wa maneno. Mwaka ule mvua ilikuwa imekosekana kwingi nchini na tulikuwa tunapewa ugali wa unga wa njano kutoka ng'ambo; yeye akiuona kwenye sahani anauamkia kwa heshima, "Shikamoo, mgeni." Ndiye aliyenifundisha kulala ubavu baada ya sindano, na ndiye aliyenikamata.

Kila asubuhi nesi Foibe alikuwa anakuja barazani na tunasali Sala ya Bwana pamoja, wadi nzima. Na kila asubuhi, tukifika kwenye mstari wa kusamehe, mimi nilikuwa nafunga mdomo. Sikupanga. Mdomo ulijifunga wenyewe. Nilikuwa naona godoro linawaka, nasikia lile neno juu ya baba yangu, ambaye kila Jumapili alikuwa anatembea na viatu mkononi ili visichakae kabla ya kufika kanisani. Mstari ukipita, naendelea na wenzangu.

Siku moja Mama Wegesa akaniambia, "Wewe mtoto, unaruka mstari."

"Nani, mimi?"

"Mimi nakohoa lakini sijawa kiziwi. Kila siku unaruka palepale, kama mbuzi anayeruka mfereji. Unadhani kule juu hawaoni?"

"Mama, kuna mtu amenikosea."

"Eeh. Ndiyo maana mstari ukawekwa. Asingekukosea mtu, ungesema nini hapo?"

Nikageukia ukutani. Kesho yake nikauruka tena.

*

Ilikuwa sindano ya arobaini na moja, ya kulia. Masika imekolea, ukungu umeshuka hadi kwenye ngazi za baraza. Nesi Foibe akaja na kikapu. "Tabitha, umeletewa ndizi."

"Na nani?"

"Mama mmoja mrefu. Nimemwambia aingie, amekataa. Amesema nikupe, na kwamba anasubiri jibu. Amekaa kwenye jiwe pale getini, amelowa chepechepe."

Moyo ukanipasuka kwa furaha, sikufichi. Nikafunua kikapu. Ndizi mbivu, zile fupi nene ninazozipenda. Na juu yake, limelazwa peke yake, jani refu la kijani limepigwa fundo katikati.

Nililijua lile jani. Lilikuwa isale. Mwaka ule mmoja niliokaa Masama nilikuwa nimeliona kila mahali: limepandwa mstari kati ya kihamba cha huyu na kihamba cha yule. Niliwahi kumuuliza Mama Mkubwa ni mmea gani, akasema, "Huo ni mpaka. Usiukate, usiuvuke na jembe." Hilo tu ndilo nililolijua kuhusu isale. Mpaka.

Basi nikalielewa hivyo. Nikaelewa kwamba ametembea kote huko kwenye mvua kuja kuniambia: wewe kwenu, mimi kwetu. Na fundo nikalielewa kuwa ndiyo mwisho wa maneno. Akaweka na ndizi ili nisilie sana.

Nikalichukua jani. Nikafunika kikapu. "Nesi, mrudishie ndizi zake. Mwambie asante, ninazo za kutosha."

Sikuwa na ndizi hata moja.

Nesi Foibe alikuwa mtu wa Songea, hakujua lolote. Akabeba kikapu akaenda. Mama Wegesa akaniuliza, "Jibu gani hilo?" Jani nikalitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilitaka nije kumwonyesha Mama, aone dada yake alivyo.

Lakini Mama alipokuja Jumapili, amechoka, amepanda mabasi mawili, akakaa kwenye kiti cha mbali wanachowekewa wageni na kuanza kwa kusema, "Sijamsalimia Dada tangu siku ile. Nikikutana naye sokoni napita," nikamwona macho yamevimba. Nikasema moyoni, nikimwonyesha jani hili, hawa wawili hawatasemezana mpaka kaburini. Nikakaa juu ya kitabu, nikamuuliza habari za kuku.

Huo ndio wema wangu wa wakati ule. Nilidhani nazuia ugomvi.

*

Sindano zikaisha. Mama Wegesa akaruhusiwa kabla yangu, siku ya kuondoka aliinama sikioni kwangu, upande ambao mlio haukuwa mkali, akasema, "Ruka mifereji yote, ila huo mmoja uache." Mimi nilitoka mwezi wa tisa, nimenenepa mashavu. Wakati wa kunipima nesi alipiga makofi. Nikarudi kambini na vidonge vya mwaka mwingine mmoja.

Nyumbani napo kulikuwa na yake. Majirani wengine waliacha kuazima kinu chetu. Baba alihama kwenda kulala jikoni ili mimi nipate chumba chenye dirisha, na alidai jikoni ndiko kuna joto. Mama alikuwa anasugua vyombo vyangu kwa jivu mpaka vinang'aa kuliko vya wengine, halafu anavichanganya na vya wote, mbele yangu, kwa makusudi, nione. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunifariji kama mlio wa sahani yangu ikiwekwa juu ya sahani nyingine.

Ikapita vuli, kikapita kiangazi, ikapita masika. Usiku niliota Masama. Kila mara ndoto ileile: niko upande huu wa mstari wa isale, Mama Mkubwa yuko upande ule, anasema kitu, lakini masikio yangu yanalia nii, nii, na sisikii.

Kikaja kipupwe. Jumapili moja tukiwa kanisani kambini, Mama alisahau kitabu chake akachukua changu. Tulikuwa tumesimama, tunaimba wimbo wa pili. Akafungua, jani likadondoka kwenye sakafu. Lilikuwa limekauka, rangi ya chai, fundo bado lipo. Akainama, akaliokota. Akaacha kuimba.

"Hili umelitoa wapi?" alininong'oneza.

"Nitakuambia nyumbani."

"Tabitha. Umelitoa wapi?"

"Mama Mkubwa aliniletea. Hospitali."

"Lini?"

"Masika ya mwaka jana."

"Ukalijibu?"

"Nilirudisha ndizi."

Mama akakaa chini, watu wote wakiwa wamesimama. Halafu akanishika kiwiko akanitoa nje, tukapita mbele ya mwinjilisti, kwaya nzima inatutazama.

Nje alinisimamisha kwenye ukuta. "Ulidhani ni nini?"

"Mpaka. Alinifukuza, Mama. Sikutaka kukuambia."

"Mpaka!" Alishika kichwa. "Mae! Mimi ndiye mwenye kosa, nimekulea na king'ora. Tazama. La mpaka lina fundo? Linaota limefungwa fundo? Isale likipigwa fundo likaletwa mlangoni kwa mtu, ni kuomba msamaha, mwanangu. Hakuna ombi kubwa kuliko hilo kwetu. Mtu anaweza kuwa amekuulia ng'ombe. Akileta hili, unakaa chini mnazungumza. Dada yangu, mtu mzima, amekuletea isale wewe mtoto. Na amesubiri."

"Amesubiri nini?"

"Jibu!" Akaanza kulia. "Ndiyo maana. Watu wa Masama wanasema tangu mwaka jana hasogei Meza ya Bwana. Wakati wa chakula cha Bwana anabaki amekaa kwenye benchi, yeye aliyekuwa mzee wa usharika. Nikasema moyoni, dhambi zake zinamjua. Kumbe anasubiri."

Jioni tulimweleza Baba. Alilishika lile jani kavu, akaligeuza, akalinusa. "Watu wa mlimani bwana! Barua zenu zinaota shambani, na hata msomaji wa darasa la saba zinamshinda." Mama akasema, "Usicheke, na wewe alikutukana." Baba akaturudishia jani. "Alinitukana, ndiyo. Lakini mimi naendesha trekta. Mengi siyasikii. Kesho pandeni."

*

Basi la Masama lilituacha barabarani tukapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa kwenye migomba, matone yanadondoka jani hadi jani, na maji ya mfereji yanakwenda kando yetu yakiongea. Nilikuwa nimebeba kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili kama yai. Moyoni nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata kwenye chumba cha picha. Nilikuwa naogopa kwamba nitafika, nitasema neno linalotakiwa, na ndani yangu hakutakuwa na kitu. Maana sasa nilijua ameomba. Lakini godoro lilikuwa bado linawaka.

Tulimkuta uani anazungusha mashine ya kumenya kahawa. Alikuwa amezeeka. Alipotuona mkono ukasimama. "Shikamoo, Dada," Mama alisema. Ilikuwa salamu ya kwanza kwa mwaka na nusu. "Marahaba," alijibu, lakini macho yapo kwangu. "Shikamoo, Mama Mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Umenenepa." Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akafuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Nikafungua kitabu nikamnyooshea jani.

Alilitazama bila kulishika. "Ndizi zilirudi," alisema polepole, "isale halikurudi. Nilikaa kwenye lile jiwe nikafunua kikapu mara tatu. Nikasema, angekataa, angelirudisha. Angekubali, angekula ndizi. Huyu mtoto ameniambia nini? Nimelala na swali hilo mpaka leo."

"Mbona hukuuliza, Dada?" Mama alisema.

"Ukishapeleka isale unauliza? Unakaa, unasubiri."

"Mama Mkubwa, sikujua. Nilidhani ni mpaka. Uliniambia mwenyewe kwamba ni mpaka."

Bega lake moja likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na machozi yanatoka humohumo. "Nilikuambia! Ni kweli nilikuambia! Ee Bwana wangu, mwaka mzima sisogei mezani kwako kwa sababu nilikuwa mvivu wa kumweleza mtoto habari za jani!" Mama naye akashindwa, akacheka, wakashikana mabega wale dada wawili, mimi nimesimama na jani langu.

Lakini kucheka hakukumaliza. Tuliingia ndani, akatupa viti. Akamimina chai. Mimi na Mama alitupa vikombe vya kauri vya wageni. Yeye mwenyewe akachukua kikombe cha bati. Kwenye mkono wa kikombe kulikuwa na uzi mwekundu, umefifia, umekuwa wa waridi kwa kuoshwa. Aliona ninavyotazama.

"Nanywea hiki," alisema. "Sikutaka mwingine akiguse."

Halafu akaanza kusema, huku anaangalia chai. "Aikande hakufa kwa homa. Alikufa kwa kifua. Nilificha, kwa sababu ya watu. Nilimlaza kwenye godoro lile na akafia pale. Halafu nikalitunza, sikuweza kulitupa, lilikuwa na harufu yake. Ukaja wewe, nikakulaza humo. Daktari alipoandika kile cheti, nilisimama pale nikasema: nimemuua na huyu. Kwa mkono wangu. Ndipo nikachoma. Sikuwa nakuchoma wewe. Nilikuwa najichoma mimi mwenyewe."

Mama alikuwa ameshika mdomo. Nikasema, "Daktari aliniambia si godoro, Mama Mkubwa. Niliwahi kumuuliza."

"Alikuambia?"

"Aliniambia hayo ni mambo ya kukoholeana, si ya godoro la miaka kumi na zaidi."

Alifumba macho. Kisha akayafungua. "Basi hilo Mungu amenipunguzia. Lakini lipo jingine. Godoro nilichoma kwa hofu. Lile neno juu ya baba yako nilisema kwa makusudi. Nililitafuta neno la kukuumiza ili uende upesi, nisikuone unakufa. Nililipata, nikalisema. Hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi. Si isale tu."

Ningependa kukuambia kwamba moyo wangu uliyeyuka hapohapo. Haukuyeyuka. Nilikaa nasikia mfereji nje na kengele yangu ya chini ya maji ndani ya kichwa. Nilimwona Baba na viatu mkononi. Nilimwona huyu mama getini amelowa, anafunua kikapu mara ya tatu. Wote wawili wakakaa mbele yangu na sikuweza kuchagua. Mama Mkubwa akasema taratibu, "Usijilazimishe. Nimeshazoea kusubiri."

Mtori ulikuwa umeiva jikoni. Mama akaleta mabakuli, akayaweka mezani, akasema, "Tusali kwanza, chakula kisipoe." Tukainamisha vichwa, tukaanza Sala ya Bwana, watu watatu, sauti yake nene chini, ya Mama katikati, yangu juu.

Tukafika kwenye mstari ule.

Mdomo wangu ukafunga, kama kila siku. Na katika kimya changu nikasikia kitu cha ajabu: sauti nene nayo imekatika. Mama peke yake akaendelea maneno mawili, akashtuka kwamba yuko peke yake, akanyamaza. Nikafumbua jicho moja. Mama Mkubwa naye alikuwa amefumbua moja, ananitazama kupitia mvuke wa mtori.

"Na wewe unauruka?" nilimuuliza.

"Tangu siku ile ya ndizi. Ningeusemaje, sina jibu lako? Na wewe?"

"Tangu godoro."

"Mungu wangu," Mama alisema. "Kumbe ni ukoo."

Hatukucheka safari hii. Mama Mkubwa akaweka mkono wake mezani, kiganja juu, karibu na lile jani kavu. Nilikuwa sijaguswa na mkono ule tangu kiangazi cha mwaka jana. Nikaweka wangu juu yake. Ulikuwa bado unanukia ute wa kahawa.

"Anza wewe, Mama Mkubwa."

"Hapana, mwanangu. Ni zamu yako. Mimi nilishaleta jani."

Basi nikaanza. Nilitoa neno la kwanza, likakwaruza kooni kama lile kohozi la mwanzo kabisa, na kabla sijafika la pili, sauti nene ikaingia chini yangu ikalibeba.